Kubadili Kazi Bila Nyumba Kulala Njaa

Mwendesha bodaboda anayetaka kuwa fundi wa kuchomelea vyuma huogopa jambo moja: akiingia darasani, unga utatoka wapi jioni? Asiache kazi kwa pupa. Kwanza aulize chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu kama kuna masomo ya jioni au Jumamosi, na kama karo hulipwa kidogo kidogo. Kisha yeye na mwenzake nyumbani wakae wahesabu: karo, vifaa, nauli, na siku ambazo hatabeba abiria ilhali mwenye pikipiki anadai chake. Na aliyejifunzia kazi jua kali asidhani ni lazima aanze upya. NITA hutahini mafundi, kuanzia Gredi ya 3 hadi ya 1. Akifaulu, hupata cheti.