Mguu Unauma, na Sukari Nayo Imepanda
(Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wa shule moja ya sekondari ya kutwa)



Najua mkisikia mtu wa afya anakuja mnategemea habari za UKIMWI au mimba. Leo sivyo. Leo tunazungumza juu ya kisukari na jongo, ule ugonjwa ambao wengine wanauita gauti. Mtasema, hayo si magonjwa ya wazee, sisi yanatuhusu nini? Haya, nyosheni mikono: nani nyumbani kwao kuna mtu mwenye kisukari? Na nani kati yenu ndiye anayepika, au ndiye anayetumwa duka la dawa? Mmeona, mikono ni karibu ile ile. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Tuanze na kisukari. Chakula cha wanga, yaani ugali, wali, ndizi, viazi, chapati, kikishasagwa tumboni kinakuwa sukari na kuingia kwenye damu. Ili itoke kwenye damu iingie kwenye misuli inahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Kuna watu kongosho lao limeacha kabisa kutengeneza insulini. Hiyo ni aina ya kwanza, na mara nyingi huwapata watoto na vijana wa rika lenu. Hao lazima wachome insulini kila siku. Wengine, hasa watu wazima, insulini wanayo lakini mwili hauitikii vizuri. Hiyo ni aina ya pili.

Kabla ya insulini kupatikana, mtoto mwenye aina ya kwanza alikuwa anakufa tu. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, mjini Toronto, Kanada, Januari 1922. Aliishi miaka 13 zaidi. Kwa hiyo mtu akimwambia mwenzenu aache sindano anywe mizizi au mdalasini, mjue anamrudisha kabla ya mwaka 1922.

Sasa jongo. Mwili hutengeneza taka inayoitwa asidi ya yuriki, na figo huitoa kwenye mkojo. Ikizidi kwenye damu hugeuka kuwa fuwele ndogo zenye ncha kali kama sindano, zikakaa kwenye viungo. Mara nyingi huanza na kidole gumba cha mguu, tena usiku. Kidole kinavimba, kinakuwa chekundu na cha moto, hata shuka likigusa mtu anapiga kelele. Watu husema eti karogwa, au eti ni ugonjwa wa matajiri wala nyama. Nyama inachangia kweli, na bia pia. Lakini sehemu kubwa ya asidi hiyo inatengenezwa na mwili wenyewe, na wapo wanaorithi udhaifu wa figo kuitoa. Msimcheke mtu.

Haya magonjwa mawili hupenda kutembea pamoja. Mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, hasa akiwa mnene, huwa na insulini nyingi isiyofanya kazi vizuri, na insulini ikiwa nyingi hufanya figo zibakize asidi ya yuriki. Kisukari cha muda mrefu nacho kinaharibu figo. Na hapa ndipo familia nyingi zinapochanganyikiwa, kwa sababu dawa ya huku inaweza kuwa sumu ya kule.

Katika nyumba moja tuliyotembelea tulimkuta binti wa kidato cha pili anamwuguza baba yake. Baba ana kisukari, na jongo limempata. Majirani wamemwambia asiguse nyama, samaki, dagaa, wala maharage. Sasa ale nini? Binti wa watu akawa anampa ugali mkubwa na mchicha kidogo, asubuhi uji wa sukari ili apate nguvu. Maumivu yakizidi anatumwa kununua vidonge ambavyo baba alisikia vinatuliza haraka. Kweli vilituliza. Lakini baba akaanza kukojoa usiku kucha, kiu haiishi, macho yanaona ukungu. Tulipompima mashine iliandika HI, maana yake sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma. Alipelekwa hospitali siku ile ile, akapona. Vile vidonge vilikuwa prednisoloni.

Sikilizeni vizuri hapa. Prednisoloni na deksamethasoni hutuliza jongo, na madaktari huzitumia, lakini zinapandisha sukari sana. Mtu wa kisukari akipewa, lazima apimwe sukari mara kwa mara. Diklofenaki na ibuprofeni hazipandishi sukari, ila zinaumiza figo, hasa figo ambazo tayari zimechoka. Kwa hiyo ukitumwa dukani useme, "Mgonjwa ana kisukari." Maneno matatu tu. Muuzaji akikupa bila kuuliza kitu, mwambie mzee aende kituo cha afya. Kwa maoni yangu duka la namna hiyo si la kurudia.

Kuna dawa nyingine, alopurinoli. Hii haitulizi maumivu ya usiku ule. Kazi yake ni kupunguza asidi ya yuriki, ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita, fuwele ziyeyuke polepole. Huanza kwa dozi ndogo, na miezi ya mwanzo mtu anaweza hata kuumwa zaidi. Wengi hapo ndipo wanapoitupa wakisema haifai. Wengine wanaiacha kwa sababu wamepona. Inatakiwa kila siku, uchungu uwepo usiwepo. Jambo moja tu: ukiona vipele mwilini au vidonda mdomoni baada ya kuianza, aache na aende hospitali mara moja.

Turudi jikoni. Vya kupunguza sana kwa mwenye jongo ni maini, figo, supu ya utumbo, nyama nyekundu nyingi, dagaa wengi, na pombe, bia hasa. Je, maharage? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12. Waliokula nyama na vyakula vya baharini kwa wingi walipata jongo zaidi. Waliokula mboga na mikunde yenye purini, ambayo ndiyo mwili huigeuza kuwa asidi ya yuriki, hawakuzidi wengine. Waliokunywa maziwa walipata jongo kidogo zaidi. Basi yule baba alinyimwa maharage bure! Maharage, kunde, choroko, mayai, maziwa mgando yasiyo na sukari, hivyo vyote vinamfaa, na havipandishi sukari kama ugali.

Ugali haukatazwi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage au yai au kipande kidogo cha samaki. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya makapi yake, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Asali nayo ni sukari, msidanganywe. Soda na juisi ya miwa zinaumiza pande zote mbili: zinapandisha sukari, na ile sukari ya aina ya fruktosi iliyomo hupandisha asidi ya yuriki. Maji ndiyo kinywaji. Kama daktari hajamzuia kwa ajili ya moyo au figo, anywe mengi.

Mzee asiruke mlo akiwa anatumia glibenklamidi au insulini, na pombe kabla ya kula ni hatari zaidi. Sukari ikishuka mno mtu anatetemeka, anatoka jasho, anakuwa mkali bila sababu au anaongea kama mlevi. Hata mwenzenu mwenye kisukari inaweza kumpata hapa darasani, hasa siku ya michezo. Mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida. Ndiyo, hapo soda ni dawa. Baada ya dakika 15 kama bado, rudieni, kisha ale chakula. Akipoteza fahamu msimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu na mkimbieni kutafuta gari.

Na mkimsindikiza mzee kliniki, tieni dawa zake zote kwenye mfuko mwende nazo, hata zile za presha na za kienyeji. Baadhi ya vidonge vya presha vya kukojoza hupandisha asidi ya yuriki, na daktari anaweza kuvibadilisha kama akivijua. Msivisimamishe nyumbani wenyewe.

Sasa maswali, tuanze na wale wa nyuma.