Sorbitoli Stoo na Kaunta: Mada kwa Watoa Dawa wa Kagondo



Aprili 2024 Nigeria ilitangaza kuondoa sokoni toleo moja la Benylin ya watoto, lililotengenezwa Afrika Kusini, baada ya maabara yake kukuta ndani yake dayethilini glaikoli kwa kiwango kisichokubalika. Siku chache baadaye Kenya, Rwanda na Tanzania nazo zikaanza kuiondoa kwa tahadhari. Mtengenezaji alisema vipimo vyake mwenyewe havikuiona sumu hiyo. Mabishano hayo tuwaachie wenye maabara. Swali langu ni dogo zaidi. Toleo lile lilikuwa namba 304545. Likiingia agizo kama lile kesho asubuhi, mtoa dawa wa Kagondo, iwe Kagondo ya manispaa ya Bukoba au Kagondo ya Muleba, anaweza kusema alipokea chupa ngapi za namba hiyo, na ngapi zimeshatoka?

Nimepewa mada ya sorbitoli, na nimeanza na sumu nyingine kwa makusudi. Sorbitoli yenyewe ni kitu kipole. Yanayotuumiza ni mawili: kile kinachoweza kuwekwa mahali pake, na wingi wake usiohesabiwa na mtu.

Kwanza tuifahamu. Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault aliitenga mwaka 1872 kutoka kwenye matunda ya mti wa milimani Ulaya, na hadi leo ipo kwa asili ndani ya matofaa, peasi na plamu zilizokaushwa. Ile ya viwandani hutokana na wanga, kwa mfano wa mahindi: wanga huvunjwa kuwa glukosi, kisha glukosi hupitishiwa haidrojeni kwa mgandamizo, nikeli ikiwa kichocheo. Matokeo yake ni unga mweupe usio na harufu, unaoacha ubaridi kidogo ulimini. Mara nyingi huuzwa ikiwa imeyeyushwa kwenye maji, asilimia 70 kwa uzito, maji mazito yanayong'aa. Kwenye lebo za vyakula mtaikuta kwa namba E420. Ipo kwenye dawa za meno, chingamu, na dawa nyingi za maji ambazo mtengenezaji hakutaka kutia sukari.

Utamu wake ni kama asilimia 60 ya sukari ya kawaida, na gramu moja hutoa kalori 2.6 badala ya 4. Hapo ndipo wauzaji wanapowachanganya wagonjwa wetu wa kisukari. Ukitaka utamu wa gramu moja ya sukari, utahitaji gramu 1.67 za sorbitoli, ambazo ni kalori 4.3. Umefika pale pale, tena umepita kidogo. Faida ipo, kwa kuwa hufyonzwa polepole na haipandishi sukari ya damu kwa kasi, na bakteria wa meno hawaichangamkii. Ila anayemwambia mama mwenye kisukari kwamba biskuti hizi ale apendavyo, anamdanganya. Wengine wamesoma kwamba sorbitoli huleta mtoto wa jicho. Ile inayohusishwa na mtoto wa jicho hutengenezwa na jicho lenyewe kutoka kwenye glukosi iliyozidi, kwa hiyo dawa yake ni kudhibiti sukari, na chingamu haihusiki.

Sasa tuje stoo. Unga wa sorbitoli huanza kuvuta maji kwa bidii hewa ikipita unyevu wa asilimia 65 hivi, na sisi wa pembeni mwa Ziwa Victoria hatuna haja ya kuelezwa unyevu ni nini. Mfuko ukifunguliwa msimu wa masika usipofungwa vizuri, baada ya muda mtakuta donge. Uwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, kwenye chombo chenye kifuniko cha kukaza. Sorbitoli ya maji ina tabia nyingine: baadhi ya aina huganda chembechembe kukiwa na baridi, kama zile asubuhi za Juni na Julai. Hapo haijaharibika. Pashia chombo kwenye maji ya uvuguvugu, koroga mpaka ilingane, ndipo upime. Ukipima juu ya chembechembe umechukua maji mengi na sorbitoli kidogo, na kipimo cha dawa nzima kimekwenda kombo. Ikiwa asilimia 70 haiozi kirahisi kwa kuwa haiachii vijidudu maji ya kutosha, lakini matone ya mvuke yanayodondoka kutoka kwenye kifuniko hutengeneza tabaka jepesi juu, na ukungu huanzia hapo. Msirudishe mabaki ndani ya dumu, na msiongeze maji ili litoshe.

Kwa ngozi haina neno. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi. Ikimwagika sakafuni inateleza vibaya, ioshwe kwa maji ya moto mapema. Vumbi lake likijaa hewani kwenye chumba kilichofungwa linaweza kushika moto, hivyo pasiwepo jiko wala sigara panapomiminwa magunia. Na jambo ambalo nimeona halizingatiwi: isikae rafu moja na pamanganeti. Gliserini, ambayo ni ndugu yake, ikidondoka juu ya fuwele za pamanganeti huwaka yenyewe bila kiberiti.

Nirudi kwenye kile kinachowekwa mahali pake. Dayethilini glaikoli na ethilini glaikoli ni maji mazito, hayana rangi, yana utamu, na bei yake ni rahisi. Hutumika viwandani, kwenye vipozeo vya injini na vimiminika vya breki. Mwaka 1937 kule Marekani dawa moja ya maji iliyeyushwa kwa dayethilini glaikoli, watu zaidi ya 100 wakafa, na sheria ya dawa ya nchi hiyo ikaandikwa upya mwaka uliofuata. Gambia ilizika watoto zaidi ya 60 mwaka 2022 kwa dawa za maji zenye sumu hizo. Sumu hii huua figo. Mtoto huanza kwa kutapika na tumbo kuuma, kisha mkojo unapungua mpaka unakatika. Katika mkoa wenye malaria kama wetu, kutapika hakumshtui mtu. Kwa hiyo ulizeni swali moja kila mama anaporudi na mtoto aliyekunywa dawa ya maji: amekojoa lini? Kama tangu jana hajakojoa, chupa na mtoto viende hospitali pamoja, siku hiyo hiyo.

Kwa walio famasi za hospitali, mnaochanganya dawa wenyewe, wakaguzi wa dawa wa kimataifa wameweka sorbitoli ya maji kundi moja na gliserini na propilini glaikoli: malighafi ambazo kila chombo hupimwa kabla ya kutumika, na kila moja ya sumu hizo mbili isizidi asilimia 0.10. Maabara ya namna hiyo hatuna hapa. Mizani tunayo. Mililita 100 za sorbitoli ya asilimia 70 zina uzito wa gramu 129 hivi. Gliserini ni 126, dayethilini glaikoli 112, propilini glaikoli 104. Dumu lililobadilishwa lote litajitaja lenyewe mezani. Lililochanganywa kidogo litawapita, na ndiyo maana karatasi ya uchambuzi wa toleo lazima ije na mzigo, ikiwa na namba ile ile iliyo kwenye dumu. Mzigo usio na karatasi hiyo urudi ulikotoka, hata kama muuzaji ni jamaa.

Kuhusu wingi, tufanye hesabu ya kaunta. Tuseme dawa ya maji ina gramu 30 za sorbitoli kwa kila mililita 100. Kijiko cha mililita 5 ni gramu 1.5. Mtoto amepewa dawa tatu za namna hiyo, kutwa mara tatu: gramu 13.5 kwa siku. Mtu mzima tu, gramu 10 humjaza gesi na 20 zinaweza kumharisha. Mtoto wa kilo 10 ataharisha, mama atarudi, na mimi nawafahamu wenzangu, tutamwongezea dawa ya nne. Kabla ya hapo, someni orodha ya viambato kwenye chupa. Wapo pia wachache waliozaliwa bila uwezo wa kuvunja fruktosi. Kwao sorbitoli ni hatari ya kweli, maana ini huigeuza kuwa fruktosi.

Hapa Muleba, katika hospitali ya Ndolage, ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliporipotiwa mwaka 1983, hivyo habari ya sorbitoli na dawa za UKIMWI inatuhusu kwa namna ya pekee. Imethibitishwa kwamba sorbitoli ikinywewa pamoja na lamivudini ya maji, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza dawa inayofika kwenye damu: gramu 3.2 hupunguza kwa asilimia 14, na gramu 13.4 kwa asilimia 36, kwa vipimo vya watu wazima. Vidonge vya kuyeyusha vya watoto vimeondoa sehemu kubwa ya tatizo. Lakini mtoto anayetumia bado ya maji, akija kununua dawa ya kikohozi dukani, anauziwa na mtu asiyejua anachomeza nyumbani. Ulizeni, kwa sauti ya chini.

Tangu Julai 2019 usimamizi wa chakula upo kwa Shirika la Viwango, TBS, na wa dawa upo kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Chingamu yenye E420 ikileta shida, malalamiko yaende TBS; chupa ya dawa, TMDA. Mteja hajui tofauti hiyo, msimzungushe.

Kwa kazi ya vikundi mchana huu, naomba kila duka lichukue leja yake ya miezi mitatu iliyopita na kuonesha safu ya namba ya toleo kwa dawa zote za maji za watoto. Wale ambao leja zao hazina safu hiyo waichore leo, tukiwa bado hapa.