Kijiti Kilichotoka Amani

Leo nataka tuzungumze habari ya muhogo. Tafadhali msizime redio. Najua wako watakaosema kwamba mchungaji ameishiwa na Neno hata anahubiri chakula. Lakini sisi wa Port Victoria tunausaga muhogo pamoja na mtama, tunasonga ugali, tunakula na samaki wa ziwa letu, na kabla ya kula tunashukuru. Anayeshukuru kwa chakula haifai akose kujua kilipita njia gani hata kikafika sahanini.

Tuanze na Nuhu. Alipoagizwa kuingiza wanyama katika safina, hakuambiwa awachague wale wenye faida peke yao. Waliingia walio safi na wasio safi pia. Mfanyabiashara angelalamika: nafasi ni ndogo, chakula ni cha kuhesabu, kwa nini tumlishe mnyama tusiyeruhusiwa kumla? Lakini shabaha ilikuwa uzao wa kila namna usikatike duniani, na Nuhu hakupewa ruhusa ya kupunguza orodha.

Sasa sikilizeni habari ya muhogo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioanza kuuleta Afrika. Mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, uliandikwa kwa mara ya kwanza ugonjwa wa majani ya muhogo tunaouita batobato. Jani huingia madoa ya njano, hujikunja, na mmea hudumaa. Huenezwa na wadudu wadogo, inzi weupe, na huenezwa na sisi wenyewe tunapokata vijiti kwenye shina lenye ugonjwa na kumpa jirani.

Huko Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Waingereza, mtaalamu aitwaye Storey, na baadaye mwenzake Nichols, walitafuta muhogo usioshindwa na batobato. Walijaribu aina za kienyeji na za kigeni, wasiridhike. Ndipo wakaugeukia mti mmoja ambao hakuna mtu aliyekuwa akiujali tena.

Mti huo ni mpira wa Ceara. Uliletwa kutoka Brazil ili utoe utomvu wa mpira, ukapandwa katika mashamba makubwa. Mpira wa bei rahisi kutoka Malaya ulipojaa sokoni, karibu na mwaka 1913, mashamba mengi yakaachwa. Mti huu ni ndugu wa muhogo, ila hauna kiazi cha kumfaa mtu. Hata hivyo batobato iliuweza kidogo sana. Wataalamu wakauzalisha na muhogo. Mtoto aliyezaliwa alikuwa na nguvu ya kustahimili ugonjwa, lakini viazi vyake vilikuwa vibaya. Wakamrudisha kwa muhogo tena, na tena, hata vikapatikana viazi vya kulika. Kazi hiyo ilichukua miaka ishirini hivi, ikasimamishwa katika miaka ya 1950.

Kwa bahati njema, au niseme kwa rehema, mbegu zilikuwa zimepelekwa nchi nyingine pia. Huko Ibadan, Nigeria, ulichaguliwa mmea mmoja ukapewa namba 58308, na kutoka kwake, tangu miaka ya 1970, zikazalishwa aina nyingine nyingi.

Wazee mnaonisikiliza mnakumbuka yaliyofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali kuliko ya zamani ilizuka Uganda. Huko Teso watu wengi walikuwa wakipanda aina moja waliyoipenda, Ebwanateraka, nayo haikustahimili hata kidogo. Mashamba yakaisha, njaa ikaingia, na watu wakafa. Kufikia mwaka 1995 ugonjwa ulikuwa umevuka kuingia magharibi ya Kenya. Mama mmoja wa kanisa letu aliniambia kwamba mwaka ule alilia shambani kama aliyefiwa.

Kilichotuinua ni vijiti vya ukoo ule wa Nigeria. Uganda waliita aina moja Migyera, na aina zenye kustahimili zikavuka mpaka mpaka kwetu Busia. Basi uzao wa mti ulioachwa Usambara ulikwenda hadi Afrika ya Magharibi, ukarudi kutulisha sisi.

Laiti habari ingeishia hapo. Tangu mwaka 2004 ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ulianza kuonekana Uganda katika nchi za juu, nasi pia ukatufikia. Huu ni mjanja: majani yaweza kuonekana yana afadhali, kumbe kiazi kimeoza ndani. Nyingi za aina zilizoishinda batobato zilianguka mbele yake. Wataalamu wakaanza kutafuta upya, wakakuta muhogo mmoja unaostahimili, unaoitwa Kaleso huko pwani ya Kenya na Namikonga kusini mwa Tanzania. Ulipochunguzwa, ilionekana ni mmoja, nao ulikuwa na namba ya zamani: 46106/27. Ulikuwa mtoto wa Amani.

Nawaomba mlifikirie hilo. Kazi ya Amani ilikuwa imesimama zaidi ya nusu karne. Nani aliyeutunza muhogo huo siku zote hizo? Ni wakulima, na nadhani wengi wao akina mama, waliokata vijiti kila msimu, wakavifukia, wakaviita kwa jina la kwao. Hakuna aliyewalipa. Sidhani kama kuna aliyewaambia walichokuwa nacho.

Mtauliza, je, serikali haiweki akiba ya mbegu? Inaweka. Huko Muguga, karibu na Kikuyu, kuna hazina ya mbegu tangu mwaka 1988, na mtama au kunde zikikaushwa na kuwekwa kwenye baridi hukaa miaka mingi. Lakini muhogo si kama mtama. Ukipanda mbegu ya ua lake, unapata mtoto asiyefanana na mama. Anayetaka aina ile ile ni lazima aitunze ikiwa hai, shambani au katika vichupa vya wataalamu. Ndivyo ulivyo pia mkakao wa jirani zetu wa Bundibugyo, ambao mbegu yake ikikauka imekufa. Kwa hiyo kule kisiwa cha Trinidad wanatunza aina zaidi ya 2,000 za mkakao, zote zikiwa miti iliyosimama, inayopaliliwa.

Sisi tunaokaa kati ya mto Nzoia na ziwa tunajua maana ya kitu kilicho hai kuzama. Mwaka 2020 mto ulivunja kingo na ziwa likapanda. Muhogo uliosimama majini ulioza, kiazi na shina. Maji yalipopungua tulipewa vijiti vya msaada, navyo nashukuru, lakini vilikuwa vya aina moja tu. Nilipouliza habari za ule mchungu ambao ngedere hawaugusi, na ule uliokaa ardhini miaka miwili bila kuharibika, nilijibiwa kwamba labda uko kwa shangazi fulani huko mlimani.

Basi wale mnaoweza kufika kwetu, Jumamosi kabla ya mvua njooni na vijiti vitano vya aina ya zamani ya nyumbani kwenu. Kateni kwenye shina lisilo na dalili ya ugonjwa, na aliye na shaka amwite bwana shamba aangalie kwanza. Shamba la kanisa lina kona ya juu ambayo maji ya 2020 hayakuifikia. Mlio mbali, kanisa lenu nalo lina kipande cha ardhi. Na mje na mtu anayelijua jina la muhogo huo kwa lugha ya nyumbani, ili katibu aliandike kwenye kibao kabla hatujaufukia.