Nuru Ndani ya Nyumba

Leo sitasema juu ya uji wala chanjo. Nitasema juu ya mabati ya nyumba zenu. Naona wengine wanaanza kucheka: munganga amekuwa fundi wa nyumba? Ngojeni kidogo.

Mama mmoja alituletea mtoto wa siku tano. Mtoto alikuwa wa manjano, macho manjano, mpaka viganja na nyayo. Alilegea, hakunyonya tena. Tukauliza: «Mama, rangi hii ilianza siku gani?» Akajibu: «Nimeiona leo asubuhi, nilipomtoa inje kuja huku.» Hakusema uongo. Chumba chake hakina dirisha, sababu ya baridi ya milima yetu na sababu ya wezi. Hata saa sita ya mchana anawasha kataa ka petroli, na mwanga wa taa ile wenyewe ni wa manjano. Chini yake watoto wote wanafanana. Mtoto yule hakufa, lakini leo hasikii. Manjano ikizidi sana inaharibu ubongo na masikio.

Basi mtoto mchanga umwangalie kila siku katika nuru ya mchana. Angalia macho. Angalia viganja na nyayo. Angalia kitovu: kiko chekundu pembeni? Kinatoa usaha ama damu? Manjano ikionekana siku ya kwanza ya kuzaliwa, ama ikifika viganja na nyayo, ama mtoto akikataa ziwa, mlete siku ileile, hata usiku. Usimlaze juani ukisema jua litamponyesha. Atachomeka tu, na saa zitapita bure. Nuru ya nyumbani ni ya kukusaidia kuona, haiko dawa.

Sasa, nuru itapita wapi kama ukuta hauna dirisha? Itapita juu. Kuna bati la plastiki linaloangaza, lenye mikunjo kama mabati mengine. Mwambie bwana wako atafute moja tu, lenye mikunjo sawasawa na ile ya mabati yenu. Ncha yake ya juu iingie chini ya bati la juu, ncha yake ya chini ilale juu ya bati linalofuata, ndipo mvua itateremka bila kuingia. Misumari ipigwe juu ya mgongo wa mkunjo, si ndani ya bonde ambamo maji yanapita, na kila musumari uwe na kipande cha mpira. Tundu litobolewe kwanza, tena liwe pana kidogo kuliko musumari, kwa maana plastiki inavimba wakati wa joto, na ikikazwa sana inapasuka. Mtu asikanyage juu yake hata mara moja! Ataanguka mpaka ndani.

Bati hili likiwashinda kwa bei, kuna chupa. Katika mwaka 2002, fundi mmoja wa Brazil, jina lake Alfredo Moser, alichoka na giza wakati umeme ulipokatika. Akajaza maji safi katika chupa ya plastiki ya litre mbili, akatia vifuniko viwili vya maji ya javel ili maji yasiote ukijani, akaipitisha katika tundu la bati. Sehemu ndogo ikabaki inje juani, sehemu kubwa ikaningʼinia chumbani. Maji yanapokea jua na kulitawanya pande zote. Ni kama taa ya umeme ya watt 40 ao 60, lakini mchana tu. Kazi ngumu ni kuziba pembeni ya chupa kwa gundi isiyopitisha maji. Mkiziba vibaya, mvua ya kwanza italowanisha kitanda. Na javel iliyobaki iwekwe mbali na watoto.

Mahali gani? Pale unapoogesha mtoto. Si juu ya kitanda chake, asipigwe na jua.

Mama mmoja aliniuliza kama moshi nao utatoka hapo. Hapana. Bati hili limefungwa. Moshi unataka tundu lake chini ya paa, ama jiko litoke inje. Vilevile usifikiri nuru ya juu itaua mikrobe ya kifua kikuu. Anayekohoa wiki mbili aje apimwe makohozi, na hewa ipite nyumbani.

Ile petroli itabaki kwa usiku. Usiitie katika chupa ya limonade, watoto wanakunywa. Akiisha kunywa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta, mlete mbio.

Na ninyi wenye nyumba za nyasi, chupa hii haiwafai, maji yatapita pembeni na nyasi zitaoza. Kila asubuhi, baridi ikipungua, fungua mlango, kaa kizingitini na mtoto magotini, umvue nguo kidogo, umgeuze, umwangalie mzima. Halafu umfunike tena.