Matone ya Ukubwa Mmoja

Msikilizaji, mwaka 2001 watafiti wa Caltech, Marekani, walionyesha kwamba maji yakiingizwa kwenye mkondo wa mafuta, ndani ya mfereji mwembamba kama unywele, hukatika yenyewe kuwa matone. Mafuta huyavuta, mvutano wa uso huyashikilia. Mvuto wa mafuta ukizidi, tone linakatika. Mikondo ikitunzwa kwa kasi isiyobadilika, kila tone hulingana na lililotangulia, na kemikali ya jamii ya sabuni huyazuia yasiungane.

Kwangu mimi, usawa huo una thamani kuliko hata udogo wenyewe. Chukua kipimo cha PCR cha kidijitali, kinachohesabu vinasaba kwenye sampuli, kwa mfano ya mgonjwa. Sampuli ya maikrolita 20 hugawanywa kuwa matone takriban 20,000, kila moja likiwa karibu na nanolita moja. Vinasaba vinavyotafutwa hunakiliwa humo humo ndani ya tone. Matone yaliyo navyo hung'aa, mengine hubaki hafifu, na mashine huyahesabu. Kwa kuwa ujazo wa tone unajulikana, hesabu ya uwezekano hutoa kiasi cha vinasaba moja kwa moja, hata vikiwa haba sana. Matone yakitofautiana ukubwa, jibu linapotoka, na mgonjwa ndiye anayeumia.

Mashine hizo bado ni ghali. Lakini kibao chenye mifereji kinaweza kutengenezwa kwa kumimina mpira wa silikoni juu ya kalibu, na kalibu moja hutoa vibao vingi. Vyuo vyetu vya uhandisi vianzie hapo.