Reli Iliyogeuka Bustani: Funzo la High Line kwa Mkazi wa Kaunti



Mazungumzo ya leo yanahusu bustani ya umma iliyo mbali sana na kaunti hii, katika jiji la New York, Marekani. Inaitwa High Line. Ina urefu wa takriban kilomita 2.3, nayo haiko ardhini. Iko juu ya nguzo za chuma, kama mita tisa kutoka barabarani, palipokuwa pakipita magarimoshi ya mizigo. Mamilioni ya watu huitembelea kila mwaka, na hakuna anayelipa kiingilio.

Wageni wengi hupiga picha za maua na majengo, kisha wakaenda zao. Mkazi wa kaunti, aliye na haki ya kutoa maoni kuhusu matumizi ya ardhi ya umma, ana mengine ya kuuliza. Bustani hiyo ilipatikanaje? Nani anaitunza? Na ilipokuwa ikijengwa, nani alisahaulika?

Matembezi huanzia Gansevoort Street, magharibi mwa kisiwa cha Manhattan, katika mtaa uliojulikana kwa machinjio na maghala ya nyama. Siku hizi kando ya ngazi limesimama jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney, lililofunguliwa hapo mwaka wa 2015. Mgeni hupanda kwa ngazi au kwa lifti, na mtu wa kiti cha magurudumu hupanda vilevile. Baiskeli na mbwa haviruhusiwi.

Akifika juu, mgeni huona reli zenyewe. Wakati wa ujenzi ziliondolewa, zikatiwa alama, na nyingi zikarudishwa mahali pake, nyasi na maua yakiota katikati. Njia ya watu imetengenezwa kwa vipande virefu vya saruji vilivyopangwa mithili ya mbao, na ncha zake zimechongoka ili mimea ipenye kati yake. Kuna zaidi ya aina 500 za mimea na miti. Mpangaji wa mimea hiyo, Mholanzi Piet Oudolf, alichagua mingi inayofanana na ile iliyojiotea yenyewe magarimoshi yalipoacha kupita.

Kati ya Barabara ya 15 na ya 16, njia huingia ndani ya jengo kubwa la matofali. Hicho kilikuwa kiwanda cha kampuni ya biskuti ya Nabisco, ambako biskuti za Oreo zilianza kutengenezwa mwaka wa 1912. Leo ni soko la vyakula liitwalo Chelsea Market. Hapo ndipo mgeni huelewa kwa nini reli ilijengwa juu. Garimoshi liliingia moja kwa moja kwenye ghorofa za viwanda na maghala, likapakia na kupakua nyama, maziwa na unga bila kugusa barabara.

Hatua chache mbele, kwenye Barabara ya 17, kuna viti vilivyopangwa kama ngazi za uwanja wa michezo, mbele yake dirisha kubwa la kioo. Aliyeketi hapo hutazama chini magari ya Tenth Avenue. Barabara hiyo iliwahi kuitwa Barabara ya Mauti. Tangu katikati ya karne ya 19, magarimoshi ya mizigo yalipita humo humo barabarani, kati ya mikokoteni na watu waendao kwa miguu. Watu wengi waliuawa, watoto wakiwemo. Kampuni ya reli iliajiri wapanda farasi watangulie mbele ya garimoshi, wakipunga bendera nyekundu mchana na taa usiku, ili watu wapishe. Hata hivyo vifo havikukoma.

Wakazi walilalamika kwa miaka mingi. Mwaka wa 1929 jiji, serikali ya jimbo na kampuni ya reli ya New York Central walikubaliana kuondoa hatari hiyo. Mradi wote uliondoa makutano 105 ya reli na barabara, na sehemu yake moja ilikuwa reli hii ya juu, iliyoanza kazi kikamilifu mwaka wa 1934. Kwa hivyo kabla haijawa bustani, High Line yenyewe ilikuwa jibu la serikali kwa kilio cha wakazi.

Baada ya hapo yakaja malori. Kuanzia miaka ya 1950 mizigo ilihamia barabarani, na katika miaka ya 1960 sehemu ya kusini ya reli ikabomolewa. Garimoshi la mwisho lilipita mwaka wa 1980 likiwa limebeba batamzinga waliogandishwa. Kisha kimya. Upepo na ndege walileta mbegu, na kwa karibu miaka 20 nyasi, maua na vichaka vilijiotea juu ya kokoto huku chuma kikishika kutu.

Wenye viwanja chini ya reli walitaka ibomolewe. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: mtu ana kiwanja katikati ya jiji, na juu yake limekaa daraja lisilo na kazi linalomzuia kujenga. Mwaka wa 1999 kikao cha wakazi kiliitishwa kujadili suala hilo. Waliohudhuria ni pamoja na Joshua David, aliyekuwa mwandishi, na Robert Hammond, aliyekuwa mshauri wa biashara. Hawakuwa wasanifu majengo wala wahandisi, na walikuwa hawajuani. Wote wawili walidhani watakuta kundi la wanaotetea reli hiyo, wajiunge nalo. Hawakulikuta. Ndipo wakaanzisha wenyewe shirika la Friends of the High Line, yaani Marafiki wa High Line.

Mapenzi ya maua peke yake hayangeiokoa reli. Mwishoni mwa mwaka wa 2001, meya aliyekuwa akiondoka madarakani, Rudolph Giuliani, aliidhinisha ibomolewe. Marafiki walikwenda mahakamani wakidai kwamba jiji haliwezi kuchukua hatua kubwa hivyo bila kufuata utaratibu wa mapitio ya umma. Wakati huo huo walifanyiwa hesabu na wataalamu wa uchumi, ambao mwaka wa 2002 walionyesha kwamba ushuru ambao jiji lingekusanya kwa sababu ya bustani ungezidi gharama ya kuijenga. Meya aliyefuata, Michael Bloomberg, aliunga mkono mpango huo.

Sheria ya taifa nayo ilisaidia. Tangu mwaka wa 1983 Marekani inaruhusu njia ya reli iliyoachwa igeuzwe njia ya watu kwa muda, bila kufuta uwezekano wa kurudisha garimoshi siku moja. Na wenye viwanja hawakupuuzwa. Mwaka wa 2005 jiji lilibadilisha kanuni za ujenzi za eneo hilo, likawaruhusu kuuza haki ya kujenga ghorofa ambazo wao hawakuweza kuzijenga chini ya reli. Wanunuzi walizijenga kwenye viwanja vingine vya jirani. Mwaka huo huo kampuni ya reli ya CSX ililipa jiji zawadi ya reli yenyewe, kuanzia Gansevoort hadi Barabara ya 30. Sehemu ya kwanza ya bustani ilifunguliwa mwaka wa 2009, ya pili 2011, ya tatu 2014. Sehemu mbili za kwanza pekee ziligharimu zaidi ya dola milioni 150.

Mali ni ya jiji. Kazi ya kila siku, yaani kufagia, kupalilia, kumwagilia maji na kulinda usalama, inasimamiwa na Marafiki wa High Line kwa mkataba na idara ya bustani, na shirika hilo huchangisha karibu fedha zote za matumizi ya kila mwaka. Kila msimu wa kuchipua, wakazi hujitolea kukata mimea iliyokauka kwa mikono, kitanda kimoja baada ya kingine. Kufungua bustani ni sherehe ya siku moja. Kuitunza ni kazi isiyo na mwisho, na mwenye kuilipia sharti ajulikane kabla ya utepe kukatwa.

Mgeni akiendelea kaskazini, kwenye Barabara ya 23 hukuta uwanja mdogo wa nyasi ambapo watu huketi na watoto wao. Akifika karibu na Barabara ya 26 na kutazama mashariki, huona majengo marefu ya matofali. Ni nyumba za umma za Elliott-Chelsea, zinazopangishwa watu wa kipato kidogo. Mengine kama hayo, Fulton Houses, yako kusini zaidi. Maelfu ya watu wanaishi humo, wengine tangu reli ikiwa na kutu. Kando yao sasa yamechipuka majengo ya fahari ambayo nyumba moja huuzwa kwa mamilioni ya dola. Kodi za nyumba za mtaa zilipanda na maduka madogo yakafungwa. Bustani ilipojaa watalii, wakazi wa nyumba hizo za umma walionekana humo kwa nadra, ingawa wao ndio majirani wa karibu zaidi.

Robert Hammond mwenyewe amekiri hadharani kwamba katika jambo hili walishindwa. Alieleza mwaka wa 2017 kuwa waliwauliza wakazi bustani iwe na sura gani, ilhali swali lililotakiwa lilikuwa bustani iwafanyie nini. Mwaka wa 2011 shirika lilipokaa na wakazi wa nyumba hizo na kuwasikiliza, hawakuzungumzia viti wala maua. Walitaja kazi na gharama ya maisha. Baada ya hapo shirika lilianza kuwaajiri vijana wa mtaani kwa malipo, wakajifunza utunzaji wa mimea na uendeshaji wa shughuli za bustani. Hilo ni jambo jema, lakini lilikuja wakati majengo ya fahari yalikwisha anza kupanda. Kodi ikishapanda, kikao cha kusikiliza hakiishushi.

Matembezi huishia Barabara ya 34, ambapo njia huzunguka uwanja wa kuegeshea magarimoshi na kuteremka taratibu hadi ardhini. Kabla ya kuteremka, kuna kipande ambacho mimea iliyojiotea imeachwa kama ilivyokuwa. Hapo mgeni huona walichokiona wale wawili mwaka wa 1999: kutu, kokoto na magugu.

Je, haya yanaihusu Kenya? Nchi hii imekulia kando ya reli. Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka wa 1899, na njia hiyo ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Lakini hali hazifanani. High Line ilikuwa tupu na iko juu. Hapa nchini ardhi ya kando ya reli mara nyingi ina watu, kama ilivyo Kibera, ambako garimoshi hupita katikati ya makazi na biashara. Tena sehemu nyingi za reli ya zamani bado zinatumika, na reli inayotumika si njia ya kutembelea wala mahali pa watoto kuchezea.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi hizi. Reli ni jukumu la serikali ya kitaifa. Bustani za umma na sehemu za burudani za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti. Kwa hivyo wazo lolote la kugeuza reli iliyoachwa liwe la ngazi zote mbili za serikali, na la mkazi pia, kwa kuwa Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha ushiriki wa umma katika shughuli zake.

Reli si sehemu pekee ya kutumia funzo hili. Lipo katika soko la zamani, kingo za mto, uwanja uliojaa takataka, au machimbo yaliyoachwa wazi. Mpango wa Maendeleo Jumuishi wa Kaunti wa miaka mitano unapoandaliwa, au makadirio ya bajeti yanapoletwa wadini, mkazi anaweza kusimama na kuuliza mambo matatu. Ardhi ni ya nani kisheria? Fedha za kuitunza zitatoka wapi mwaka wa pili, wa tano na wa kumi? Na wanaoishi au kuuza bidhaa hapo leo wameulizwa wanahitaji nini, kabla mchoro haujachorwa?

Asiyeweza kufika anaweza kupeleka maoni yake kwa maandishi, au kumtuma jirani. Anayekaa karibu zaidi na mahali husika ndiye anayepaswa kusikika kwanza, awe mama mboga, mpangaji au kijana wa bodaboda. Mwaka wa 1999, watu wawili wasiojuana walihudhuria kikao kimoja na reli ikaokoka. Waliokosekana katika vikao vya mwanzo, kwa kutoulizwa, ndio waliobaki wakiitazama bustani kutoka dirishani.