Kabla Hujabonyeza Rekodi



Vijana wenzangu wa Eldoret, ndugu zangu na dada zangu.

Aprili 2005, kijana Jawed Karim alisimama mbele ya ndovu kwenye bustani ya wanyama huko Marekani, akarekodiwa kwa sekunde 19. Hiyo ndiyo video ya kwanza kuwekwa YouTube. Hapakuwa na taa wala studio.

Miaka kumi baadaye, 2015, jirani yetu wa Nandi, Julius Yego, alitwaa ubingwa wa dunia wa kurusha mkuki kule Beijing kwa mita 92.72. Mwanzoni kocha wake alikuwa nani? Video za YouTube!

Sasa ni zamu yetu. Kamera imo mfukoni, bando ni bei ya chai na mandazi. Dada wa Langas anafundisha mapishi, kaka wa Huruma anaonyesha mtaro uliofurika. Kifungu cha 33 cha Katiba kinatupa uhuru wa kujieleza. Tuutumie.

Lakini niwaulize: video ni rahisi kwa nani? Kwako wewe mwenye simu. Na yule unayemrekodi je?

Tunampelekea mjane unga pakiti mbili, halafu tunamsimamisha mbele ya kamera ashukuru huku akilia. Unga unaisha wiki hiyo hiyo. Video haiishi. Mwanawe ataikuta shuleni, kwenye simu ya mwenzake. Au kijana anashukiwa wizi, anapigwa. Watu ishirini wameinua simu, hakuna hata mmoja aliyepiga simu.

Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya kila mtu, cha 31 kinalinda faragha yake. Umaskini haumvui mtu haki hizo. Na kwa mtoto, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi.

Basi tuwekeane masharti matatu. Kwanza, omba ruhusa, useme video itaonekana wapi. Mwenye njaa hawezi kukukatalia, kwa hivyo mpe msaada kwanza, uliza baadaye. Pili, kwenye sadaka rekodi magunia, si nyuso. Tatu, ukiona dhulma, rekodi bila kukatakata, taja mahali na tarehe, uitunze ile ya asili. Huo ni ushahidi. Ukisambaza, ficha sura ya aliyeumizwa.

Nendeni mkarekodi. Ila kabla ya kubonyeza, jiulize: huyu angekuwa mama yangu, ningeiposti?